Nionyeshe glovu yako kwanza

Mwezi huu barua zimejaa mikono. Nimejitakia mwenyewe: toleo lililopita niliandika kwamba mikono ya mpigaji mzuri wa gofu "imenyamaza", nikaweka nukta nikaenda zangu, na wasomaji wamenijia juu kwa haki. Basi leo ni mikono mitupu.

Kabla ya barua tukubaliane maneno, maana hapa ndipo wanafunzi wangu hupotea. Ukisema "kiwiko", nusu ya darasa wanashika pale saa inapovaliwa, nusu nyingine wanashika pale mkono unapokunjika katikati. Mimi nitasema kifundo kwa pale pa saa, na kisugudi kwa pale unapoegemea mezani. Kati ya hivyo viwili ndipo kilipo kigasha. Swingi ni ule mzunguko mzima wa kupeleka fimbo nyuma na kuirudisha kupitia kwenye mpira, na draiva ni fimbo ya kupiga mbali. Nitaandika kana kwamba unapiga kwa mkono wa kulia. Wa kushoto wana barua yao huko chini.

*Shikamoo Mwalimu. Nina mwaka mmoja na nusu kwenye gofu. Nikipiga draiva mpira unatoka vizuri, halafu unakata kulia kama una shughuli zake huko. Rafiki yangu akaniambia nigeuze viganja wakati wa kugonga. Sasa mara unakata kulia, mara unazama kushoto mitini, na sijui ni upi utakuja. Nigeuze mikono au nisigeuze?*
*Mwenye mipira miwili mfukoni*

Marahaba. Usigeuze. Rafiki yako hana nia mbaya, amekupa tu dawa ya mgonjwa mwingine.

Mpira wako unakata kulia kwa sababu wakati wa kugonga, uso wa fimbo unatazama kulia kuliko njia ambayo kichwa cha fimbo kinapita. Wewe na rafiki yako mmeliona hilo, mkaamua kulirekebisha palepale linapotokea. Hesabu muda ulio nao. Fimbo ikianza kushuka kutoka juu, inachukua kama robo ya sekunde kufika kwenye mpira. Mtu akiona taa inawaka, kidole chake huhitaji kama sehemu mbili za kumi za sekunde kuanza kujibu. Na mpira wenyewe hugusana na uso wa fimbo kwa takriban nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kwa hiyo ile amri ya "geuza sasa!" ukiitoa njiani, mpira umeshaondoka. Ukiitoa mapema kidogo, viganja vinageuka kabla ya wakati, ndio huo unaozama mitini. Huna swingi mbili. Una swingi moja na bahati nasibu.

Najua kwa sababu nilicheza bahati nasibu hiyo misimu miwili. Nilikuwa kedi bado, nabeba mifuko ya watu siku tano na siku ya sita napiga kwa fimbo za kuazima. Nikawa nageuza viganja mpaka kifundo kikavimba. Siku moja nikamwomba kedi mkubwa wetu anitazame swingi. Hakusimama hata kutoka kwenye benchi. Alisema, "Nionyeshe glovu yako kwanza." Nikampa. Akaingiza kidole chake cha mwisho kwenye tundu lililokuwa chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo, pale kwenye nyama nene, akakitoa upande wa pili akanipungia nacho. "Fimbo yako inalala kiganjani," akasema, "tena inacheza."

Basi toa glovu yako uitazame. Ngozi ikiwa imechakaa au imetoboka kwenye ile nyama nene ya chini ya kiganja, mpini unapita mahali ambapo haukupaswa kupita. Ukilala kiganjani, mkono hauwezi kuubana sawasawa. Kila swingi unateleza kidogo na kusugua, na uso wa fimbo unateleza nao.

Simama wima, mkono wa kushoto uning'inie wenyewe bila kuukaza. Utazame. Kwa watu wengi kiganja hakitazami mbele wala nyuma, kimegeukia paja, na mgongo wa mkono umeelekea mbele kidogo. Sasa bila kuugeuza, inama kama unavyosimama kwenye mpira, mtu akuletee fimbo mkononi. Mpini upite kwa mshazari kwenye vidole: uanzie kwenye pingili ya kati ya kidole cha shahada na utokee kwenye shina la kidole kidogo, ile nyama nene ikae juu yake kama mfuniko. Funga vidole. Ukitazama chini uone vifundo vya vidole viwili, labda na nusu ya cha tatu. Ukiona kimoja tu, ndugu yangu, ndiyo mipira yako ya kulia hiyo.

Sababu yake ni hii. Mkono ukienda kwa kasi, unapenda kurudi ulivyokuwa unaning'inia. Ukiuweka kwenye fimbo ukiwa umeusokota kuelekea kushoto, yaani umeona kifundo cha kidole kimoja tu, wakati wa kugonga unajisokotoa kurudi kwake na unafungua uso wa fimbo. Wewe hukufungua, na huwezi kuuzuia. Ukiuweka kama ulivyoning'inia, hauna pa kurudi.

Mkono wa kulia nao ushike kwa vidole, kiganja kikitazama kule unakopeleka mpira, na ule mfereji ulio chini ya kidole gumba cha kulia ufunike gumba la kushoto. Kidole kidogo cha kulia ukipandishe juu ya pengo lililo kati ya shahada na kidole cha kati cha kushoto, kama alivyofanya Harry Vardon aliyeshinda The Open, lile shindano kubwa la Uingereza, mara 6, au ukifungamanishe na cha shahada cha kushoto kama Jack Nicklaus na Tiger Woods, hilo halitapinda mpira wako. Wenye vidole vifupi wengi hupenda kufungamanisha. Chagua, usibadilishe kila wiki.

Onyo: mshiko mpya ukikukaa vizuri siku ya kwanza, hujabadilisha kitu. Utajiona umeshika jembe. Mipira itaenda kushoto siku kadhaa, kwa sababu viganja vimezoea kugeuza, na sasa hawana kazi lakini bado wanakuja kazini. Waachie muda. Mimi nilishika fimbo usiku nikisikiliza redio, nashika naachia, nashika naachia, bila kupiga hata mpira mmoja.

*Mwalimu, umeandika mikono inyamaze. Mimi nimetazama video za wachezaji wakubwa polepole kabisa. Kila mmoja, kigasha cha kushoto kinageuka baada ya mpira mpaka kiganja cha kulia kiko juu. Nani mwongo, wewe au kamera?*
*Mtazama video*

Kamera haisemi uongo, ila inaonyesha kilichotokea, haionyeshi aliyekifanya.

Weka kisugudi cha kushoto mezani, kigasha kisimame, kiganja kikutazame. Kwa mkono wa kulia kamata kigasha hicho karibu na kifundo, ukibane kwa nguvu kisizunguke. Sasa jaribu kugeuza kiganja. Hakiendi, au kinaenda kidogo sana. Kifundo kinajua kukunjika mbele na nyuma, na kuinama pembeni, huku na huku. Kuzunguka si kazi yake. Kinachozunguka ni kigasha, ambacho kina mifupa miwili, mmoja ukiupanda mwenzake. Kwa hiyo anayekwambia "geuza kifundo" anakutuma kwa mtu asiyekuwepo.

Basi kigasha kinageuka kweli, na kwenye swingi nzuri kinageuka sana. Nilichotaka kusema, na nikakisema vibaya, ni kwamba hakigeuki kwa amri ya viganja. Mwili unazunguka, mikono inavutwa nyuma yake, kichwa cha fimbo kina uzito na kiko mbali na mkono, kwa hiyo kikipata kasi kinataka kupita mbele. Kikipita, kinazungusha kigasha. Wewe kazi yako ni kutokizuia. Anayezuia utamwona kisugudi cha kushoto kinachomoka nje baada ya mpira kama bawa la kuku.

Wapo waliochezea kigasha kwa makusudi, sikatai. Ben Hogan, mwenye mataji makubwa 9, alihangaika miaka na mpira uliopinda kushoto. Akasogeza mkono wa kushoto ili aone vifundo vichache vya vidole, akawa huru kuzungusha kigasha kwa nguvu zote bila kuogopa kushoto. Watu husoma habari za Hogan, wanaiga mkono wake wa kushoto, na wao tayari mpira unakata kulia! Ni kama kuazima miwani ya jirani kwa sababu jirani anaona vizuri. Dustin Johnson naye, bingwa wa U.S. Open 2016 na Masters 2020, fimbo ikiwa juu kifundo chake cha kushoto kimekunjika kuelekea upande wa kiganja kiasi kwamba mwalimu wa zamani angempeleka hospitali. Juu huko kila mtu ana yake. Njoo kwenye mpira na fimbo za chuma: mgongo wa mkono wa kushoto umenyooka au umebonyea mbele kidogo, na mpini umetangulia kichwa cha fimbo. Hapo ndipo wanapokutana wote.

Zoezi lake ni swingi ya nusu. Fikiria mtu amesimama mbele yako akikutazama, na wewe umechorwa ndani ya saa yake. Peleka fimbo nyuma mpaka ilale sawa na ardhi, saa tatu. Pitisha kwenye mpira mpaka ilale sawa na ardhi upande wa pili, saa tisa. Pande zote mbili ncha ya kichwa cha fimbo itazame juu. (Nimesema saa tatu yetu, ambako mshale uko kwenye tarakimu 9. Niliwahi kumwambia mwanafunzi "anza saa tatu" nikageuka kuchukua mpira. Narudi, namkuta ameganda fimbo ikiwa upande wa kushoto kwenye tarakimu 3, anasubiri amri ya kupiga kinyumenyume. Alikuwa ametii kabisa.) Ncha ikitazama mbinguni saa tisa, kigasha kimegeuka chenyewe. Ikiwa uso wa fimbo bado unatazama juu kama sinia, umekizuia. Piga mipira ishirini hivyo kwa fimbo namba 9, polepole, kabla ya kushika draiva. Najua hutapiga ishirini. Piga kumi.

*Nishike fimbo kwa nguvu kiasi gani? Kila mtu ana namba yake kati ya 1 na 10.*
*Mshikaji*

Namba hazinisaidii, 4 yako ni 8 ya mwingine. Shika kama unavyomshika mtoto mkono mnapovuka barabara: asichomoke, na asilie. Nguvu iwe kwenye vidole vitatu vya mwisho vya kushoto na viwili vya kati vya kulia. Gumba na shahada, hasa vya kulia, vistarehe.

Misuli mingi inayofunga vidole haiko vidoleni, iko kwenye kigasha. Kunja ngumi kwa nguvu zako zote halafu jaribu kupunga mkono kwa kifundo. Umeona? Anayekaba fimbo amefunga kifundo kwa kufuli, kisha anauliza kasi imekwenda wapi. Wakati wa kugonga mkono utakaza wenyewe, huna haja ya kuukumbusha.

*Nimeambiwa mkono wa kushoto unyooke kama rula. Wangu haunyooki, niliuvunja utotoni. Niache gofu?*
*Mkono uliopinda*

Usiache chochote. Ed Furgol alishinda U.S. Open mwaka 1954 akiwa na mkono wa kushoto uliopinda kwenye kisugudi tangu utotoni, usionyooka. Calvin Peete alivunjika kisugudi cha kushoto akiwa mtoto, hakikunyooka tena. Akashinda mashindano 12 ya PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa wa Marekani, na miaka 10 mfululizo, 1981 hadi 1990, hakuna aliyemshinda kwa kuingiza mpira wa draiva kwenye njia ya nyasi fupi. Miaka kumi! Wenye rula walikuwa wanatafuta mipira yao vichakani.

Kinachotakiwa ni mkono ulivyo mwanzo wa swingi ubaki hivyo hivyo. Ukianza umepinda kidogo, uwe umepinda kidogo juu na kwenye mpira. Anayeukaza unyooke kwa lazima anakaza bega, kigasha na meno.

*Nikiwa karibu na grini, ile nyasi fupi yenye shimo, mita ishirini hivi, ama napiga udongo ama napiga kichwa cha mpira unavuka upande wa pili. Swingi kubwa hazina shida.*
*Mvuka grini*

Unajaribu kuubeba mpira. Fimbo inakaribia, kifundo cha kushoto kinavunjika, kiganja cha kulia kinachota kama mtu anayechota maji kwa kata. Kichwa cha fimbo kinapita mpini kabla ya mpira. Chini yake panakuwa nyuma ya mpira, na kinapoanza kupanda kinaugonga tumboni.

Uso wa fimbo umelazwa kiwandani ili upandishe mpira. Ilishalipiwa, usiifanyie kazi mara ya pili.

Chukua penseli ndefu, ichomeke chini ya ukanda wa glovu, ilale juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, nusu mkononi na nusu kwenye kigasha. Piga vimipira vifupi. Kifundo kikivunjika kuelekea nyuma, penseli itakuchoma. Hainyamazi na haichoki, ni mwalimu kuliko mimi. Ukimaliza bila kuchomwa, tazama nyasi: alama ya udongo uliochimbwa na fimbo iwe mbele ya pale mpira ulipokuwa.

*Nina miaka 52. Kisugudi cha kulia kinauma upande wa ndani, hata kukamua nguo ni shida. Nimeongeza mazoezi hadi mipira mia mbili kwa siku nikidhani kitazoea.*
*Mvumilivu*

Shikamoo nikupe mimi, kwa moyo huo, lakini acha leo. Hakitazoea. Upande wa ndani wa kisugudi ndipo kano za misuli ya kukunja kifundo na vidole zinapojishikiza. Zimechoka na kuchanika kidogo kidogo, na wewe kila siku unazichana mara mia mbili. Madaktari hupaita kisugudi cha mcheza gofu. Upande wa nje huitwa cha mcheza tenisi, ila sisi wa gofu nao tunaupata sana, hasa mkono wa kushoto.

Pumzisha, umwone daktari au mtaalamu wa viungo, yeye ndiye atakayekupangia mazoezi ya kuurudisha. Ukirudi, punguza mipira, legeza mshiko, na jihadhari na mikeka ya plastiki iliyowekwa juu ya saruji: ukigonga nyuma ya mpira kwenye nyasi, fimbo inazama, kwenye mkeka huo mshtuko wote unapanda kigashani. Angalia pia mpini wa fimbo. Ukiwa umechakaa na unateleza, utaukaba bila kujua.

Na kwa wengine wote: maumivu yakiwa chini ya kiganja cha kushoto, upande wa kidole kidogo, pale kitako cha mpini kinapokandamiza, usiyachukulie kama lengelenge. Kuna kimfupa chenye ndoano hapo, na wacheza gofu hukivunja. Omba upigwe picha.

*Sisi wa mkono wa kushoto tunasahaulika kila mwezi.*
*Shoto*

Pole. Geuza kila nilichosema: mkono wa juu kwenye mpini ni wa kulia, na mpira mbaya unakata kushoto. Ile saa yangu anza saa tisa umalizie saa tatu. Bob Charles alichukua The Open mwaka 1963 akiwa upande wenu, na Phil Mickelson, ambaye kwa mambo mengine hutumia mkono wa kulia, alijifunza gofu kwa kushoto akimtazama baba yake kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kwa hiyo nawe ukitazama picha za mshiko, ziweke mbele ya kioo.

*Na pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, je? Mshiko ni huohuo?*
*Wa mwisho kwenye foleni*

Hapana, hapo nageuka kigeugeu. Kwenye pata wengi wetu huacha mpini ulale kiganjani makusudi, ukiwa mstari mmoja na kigasha, kwa sababu kifundo tunataka kilale usingizi. Mabega ndiyo yanayobembea. Lile tundu la glovu ningelisamehe hapa, ila hutaliona, maana wengi tukifika grini glovu tunaivua na kuichomeka mfuko wa nyuma.